UZI: Filamu fupi kwa kamera ya picha mnato. Usisubiri kamera ya sinema, anza na sauti

Mleta uzi

Wakuu habari za mchana. Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu, kila nikikaa niandike naitwa kazini, leo mvua imenifungia ndani basi ngoja niutoe.

Mimi nashuti harusi, sendoff na kitchen pati, mwaka wa tisa huu, na upande wangu ni mnato. Video anakuwepo mtu mwingine. Sasa vijana wengi wananitumia meseji, kaka nataka kutengeneza filamu fupi ila nina kamera ya picha tu, najichanga ninunue ya sinema. Wengine wamejichanga miaka mitatu na hawajatoa hata dakika moja ya kazi. Hilo linaniuma kwa kweli, maana kamera waliyonayo mkononi inatosha kabisa kusimulia kisa kikaeleweka na kikamgusa mtu.

Na sizungumzii kubonyeza kitufe cha video tu, hicho tutakifikia. Nazungumzia filamu ya picha zenyewe za mnato, moja baada ya nyingine, na sauti juu yake. Kuna Mfaransa, Chris Marker, alitoa filamu mwaka 1962 inaitwa La Jetée, dakika 28, karibu yote ni picha zilizosimama na sauti ya msimulizi. Ndani ya dakika zote hizo kuna sehemu moja tu inayotembea, mwanamke amelala anafumbua macho, sekunde chache tu. Nilivyoiona mara ya kwanza nilinyamaza, maana ulishazoea picha zilizotulia halafu ghafla jicho linafunguka, unahisi kama mtu amefufuka mbele yako. Kamera yoyote ya leo yenye bei ya chini kabisa inaweza kufanya alichofanya yeye kwa upande wa mitambo. Kilichobaki ni kichwa na subira.

Sasa niwape kazi yangu mwenyewe. Bagamoyo pale ufukweni kuna fundi wa mashua, mtu mzima, nilimkuta anaziba mashua ya mtu iliyokuwa inavuja. Nikampa shikamoo, nikakaa naye siku ya kwanza bila kutoa kamera kwenye begi. Siku ya pili nikamwomba ruhusa nikamweleza nataka kufanya nini, akasema piga lakini usinizuie kazi. Asubuhi tatu nikapiga picha 640 na kitu. Filamu imetoka dakika 5 na sekunde 20, ndani kuna picha 58 na vifungu viwili vya picha za mfululizo. Yani zaidi ya picha mia tano zimekaa nje na sijutii hata moja.

Jambo lililoibeba ile kazi ni hili, na ndilo nataka mlishike: nilirekodi sauti KWANZA. Asubuhi ya kwanza kati ya hizo tatu nilipiga picha chache sana. Simu niliiweka kwenye mfuko wa shati lake nimeifunika na kipande cha kanga kuzuia upepo, akawa anafanya kazi huku ananihadithia alivyojifunza kwa baba yake, jinsi pamba inavyochovywa mafuta ikasokotwa ikasukumwa kwenye mwanya wa mbao mpaka ishibe. Neno lake hilo, ishibe. Usiku nikasikiliza yote, saa nzima na dakika kumi, nikaandika kwenye daftari kila alichokitaja: chembeu (patasi ya kusukumia pamba), nyundo, mkuku (uti wa chini wa mashua), mataruma (mbavu zake), maji kupwa, mkono wa baba yake. Kesho yake nikarudi na ile orodha, nikawa najua napiga nini na kwa nini. Ukianza na picha utarudi nyumbani na picha nzuri mia tatu ambazo hazisemezani.

Na sauti ya mazingira irekodi peke yake. Dakika mbili za mawimbi, dakika mbili za nyundo, dakika mbili za watu wanaobishana bei ya samaki kwa mbali. Mtu ananyamaza, kamera inanyamaza, unarekodi tu. Ukija kuediti ukaweka picha ya mashua imelala kwenye mchanga bila sauti ni picha ya kalenda. Weka chini yake maji yanayopiga ubao taratibu, mtu anaanza kungoja kitu kitokee.

Naendelea nikishakula.

---

Mleta uzi

Nimerudi. Upande wa picha zenyewe.

Picha ya megapikseli 18 ina upana wa pikseli 5184. Video ya Full HD ina upana wa 1920. Gawanya, unapata 2.7. Maana yake ndani ya picha moja unaweza kuingia ndani karibu mara mbili na nusu na bado iko safi, kwa hiyo picha moja ya mbali inaweza kukupa na uso, na mkono, na nyundo, kama fokasi ilikaa vizuri. Lakini kumbuka picha ni 3:2 (upana kwa kimo) na skrini ni 16:9, juu na chini patakatwa. Ukiwa unashuti acha nafasi juu ya kichwa na chini ya mikono. Na ilaze kamera, picha ya kusimama ikiingia kwenye TV inakuwa na mapengo meusi huku na huku.

Ule mwendo wa kusogeza picha taratibu, tuseme kuzumu, usiuweke kwenye kila picha jamani. Naona montaji nyingi za sendoff kila picha inakimbilia mbele, inakimbilia mbele, dakika nne nzima, macho yanachoka. Kwangu kati ya zile picha 58 zinazosogea hazifiki 20. Uso wa mtu anayeongea jambo zito uache utulie. Picha ambayo kuna kitu unataka mtazamaji akigundue, hiyo ndio unasogea nayo, mfano mashua nzima halafu unaingia mpaka kwenye ule mwanya unaovuja. Na kabla haijaanza kusogea iache isimame kidogo, nusu sekunde hivi, na ikifika nayo isimame, isikatwe ikiwa bado inatembea.

Muda wa picha: uso sekunde nne mpaka sita, picha pana yenye mambo mengi saba au nane. Lakini sauti ndio itakwambia. Fundi akivuta pumzi kabla ya kusema jina la baba yake, hapo ndipo picha inabadilika.

Sasa vile vifungu vya mfululizo. Kamera yangu inatoa picha tatu na ushee kwa sekunde. Nilipiga picha 11 za mkono wake akigonga chembeu, unaona nyundo juu, nyundo katikati, nyundo imefika, uzi mweupe wa pamba unazama kidogo kwenye mbao, kidole gumba kimejaa mafuta kinausukuma. Nikazipanga kila moja ikae fremu nne (fremu ni picha moja ya video) kwenye video ya fremu 25 kwa sekunde, haifiki hata sekunde mbili, nikairudia mara tatu. Kisha nikachukua sauti ya nyundo niliyorekodi na kuikalisha pale pale ambapo nyundo imegusa. Aisee. Mkono ukafanya kazi. Picha zimesimama lakini mtu anakwambia ameona video.

Kwenye mfululizo weka kila kitu manyuali, yani kwa mkono: shata (muda wa kuingiza mwanga), F (upana wa tundu la lenzi, namba kubwa tundu dogo), ISO (wepesi wa kamera kuona mwanga), rangi ya mwanga, na fokasi. Ukiacha otomatiki kamera inabadili mawazo kila picha, moja ina mwanga moja ina giza, ukizipanga zinawaka na kuzima kama tyubulaiti mbovu. Kifungu changu cha kwanza kilinifia hivyo na ile kazi ya fundi haikurudi tena, alishaziba.

Na piga vitu ambavyo unaona havina maana. Miguu mchangani, kamba, kikombe cha kahawa kimeachwa juu ya ubao, pale alipokuwa amekaa baada ya kuondoka. Hizo ndizo zitakuokoa unapotaka kukata maneno yake na huna cha kuweka katikati.

---

Mdau wa Mwanza

Mkuu uzi mtamu sana. Mimi niko upande wa video kwa kamera hizi hizi za DSLR, za picha za kubadilisha lenzi. Nikishuti ndani ukumbini kwenye tyubulaiti naona mistari inapanda kwenye skrini, na nje mchana video inakuwa nyeupe, nikipunguza mwanga kwa shata watu wanatembea kama wanakatika katika. Tatizo nini, kamera imechoka?

---

Mleta uzi

Kamera yako nzima mkuu. Hizi kamera video ziliingizwa baadaye tu, 2008 ndio Nikon walitoa D90 ikiwa DSLR ya kwanza yenye video, mwaka huo huo Canon wakaja na 5D Mark II iliyotoa Full HD, na hapo ndio watu wa filamu duniani wakaanza kuzichukulia serious. Lakini bado ni kamera ya picha, kwa hiyo lazima uitawale kwa mkono.

Mistari: umeme wetu ni wa 50Hz, taa zinapiga mara 100 kwa sekunde. Weka menyu kwenye PAL (mfumo wa video wa nchi za umeme wa 50Hz), fremu 25, shata 1/50. Hapo mistari inatulia. Ukiacha NTSC (mfumo wa Marekani na Japani) na fremu 30 na shata 1/60, ambayo kamera nyingi za mtumba zinakuja nayo maana zimetoka Marekani au Japani, unapigana na taa usiku kucha. Zile LED za rangi za MC na madijei wakati mwingine hazisikii hata hivyo, hapo geuka tafuta kona nyingine.

Nje: kwa jua letu la saa saba mchana, ISO 100 na shata 1/50 inakutaka uwe karibu F22. Lenzi ikifungwa hivyo picha inapoteza ukali na kila vumbi kwenye sensa, ile sehemu ya ndani inayopokea picha, linaonekana. Ukikimbilia shata 1/1000 ndio hiyo ya kukatika katika uliyoiona. Dawa ni filta ya ND, ile kama miwani ya jua ya lenzi. ND8 inakushusha mpaka F8, unapumua. Kama huna hela ya filta shuti saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa tatu, na jioni kuanzia saa kumi. Mwanga huo ni mzuri kuliko filta yoyote, na hauuzwi.

---

Mdau wa Mombasa

Assalam aleikum ndugu zangu. Nakubaliana na mengi ila kwenye kusogeza picha mimi nasema bora uache kabisa. Picha mnato jina lake lenyewe lasema, imenata. Ukiitikisa umeivunja. Mimi nlifanya kazi ya dakika tatu kuhusu mama mmoja anayesuka mikeka, picha zote zimetulia tuli, na watu walikaa wakatizama hadi mwisho. Kinachosogea ni macho ya mtazamaji, mpe nafasi ayatembeze mwenyewe.

---

Mleta uzi

Waaleikum salaam kaka. Hoja yako nzito na kwa kisa cha mikeka nakuelewa, mkeka wenyewe una mistari jicho linaifuata. Mimi bado natetea ule mwanya unaovuja, bila kuingia pale mtazamaji asingeuona. Ila umenifanya nirudi nikaangalie zile zangu zinazosogea, kuna kama sita naona sasa zinasogea bure. Nitaziondoa.

---

Mwalimu

Naomba nichangie upande wa stopu mosheni, yaani kusogeza kitu kidogo kidogo na kukipiga picha moja moja, nafundisha shule ya msingi. Tulifanya na watoto wa darasa la tano, vizibo vya soda vinatembea kwenye dawati vinaunda ramani ya Tanzania. Kamera tuliifunga juu ya viti viwili kwa kamba za viatu, inaangalia chini, na hatukuigusa tena, tulitumia saa ya kamera yenyewe kujipiga kwa sekunde mbili ili mkono usiitikise. Picha 12 kwa sekunde, kila picha inakaa mara mbili kwenye video ya 24. Picha 430 zikatupa sekunde 36 basi, na ilituchukua Jumamosi mbili.

Jambo tulilojifunza kwa uchungu ni dirisha. Jumamosi ya kwanza wingu lilikuwa linakuja na kuondoka, video yote inapumua mwanga. Ya pili tukafunga madirisha kwa maboksi tukatumia balbu mbili, ikatulia. Na mavazi, mtoto mwenye shati jeupe akiinama karibu na dawati shati linarudisha mwanga kwenye vizibo. Tukawaambia wote wanaosogeza wavae sweta.

Swali langu, hizi picha nyingi haziui shata ya kamera?

---

Mleta uzi

Mwalimu nakupa heshima zote, hiyo ya sweta nimeiandika.

Shata inahesabika kweli. Kamera nyingi za bei ya chini zinakadiriwa kliki kama 100,000, zingine zinavuka mbali zingine hazifiki. Dakika moja ya picha 12 kwa sekunde ni picha 720, kwa hiyo filamu ya dakika tano ni 3,600. Harusi moja kubwa mimi napiga 2,000, kwa hiyo wala usiogope, watoto hawajaimaliza. Na kazi kubwa zimefanyika hivi hivi, Corpse Bride ya 2005 vikaragosi vyote vilipigwa kwa kamera za mnato, Canon EOS-1D Mark II, picha moja moja mpaka filamu nzima ya sinema ikaisha. Unaponunua ya mtumba ndio uliza idadi ya kliki, hapo usione haya.

---

Dada wa Moshi

Habari za humu. Mimi si mpiga picha, nina kamera ya kaka yangu tu. Bibi yetu anatimiza mwaka tangu afariki na Desemba tunapanda Moshi ukoo mzima kwa ibada ya kumbukumbu. Nina albamu yake ya zamani, picha kama 70, zingine zimeganda kwenye plastiki. Nataka nitengeneze kitu cha dakika tano. Nikizipiga kwa simu zinang'aa ovyo. Nifanyeje kaka, na hizo zilizoganda nizibandue?

---

Mleta uzi

Pole sana dada kwa bibi. Usizibandue kwa nguvu, utaondoka na uso wake. Hizo zilizoganda zipige zikiwa humo humo.

Fanya hivi. Meza karibu na dirisha lisiloingiza jua la moja kwa moja, mwanga uingie kwa pembeni. Kamera iwe juu inaangalia chini sawasawa, kwenye stendi au ifunge kwenye mgongo wa kiti. Zima taa ya ndani na flashi. Chukua kanga nyeusi au shuka jeusi, toboa tundu la lenzi tu, funika kamera na wewe mwenyewe, maana kinachong'aa kwenye plastiki mara nyingi ni shati lako na dari nyeupe. Kikiendelea kung'aa zungusha albamu, usizungushe kamera. Shata taratibu, ISO 100, F8, tumia ile saa ya sekunde mbili ya Mwalimu.

Na geuza kila picha iliyo huru uangalie nyuma. Piga na nyuma yake.

Halafu kabla ya yote hayo, nani amebaki anayemjua bibi akiwa msichana? Nenda na simu ukamrekodi. Mpe albamu mkononi, afungue kurasa mwenyewe, wewe nyamaza. Hapo hutahitaji wimbo wa huzuni chini ya picha.

---

Mdau wa Mwanza

PAL, 25, 1/50. Nimejaribu jana ukumbini. Mistari imekwisha kabisa. Mungu akubariki.

---

Mchangiaji mgeni

Naulizia programu, laptopu yangu ni dhaifu inaganda nikiweka picha kubwa kubwa.

---

Mleta uzi

DaVinci Resolve toleo la bure ni zuri lakini linataka mashine yenye nguvu. Kdenlive ni ya bure na nyepesi zaidi, anza nayo. Na picha zipunguze kwanza kabla ya kuziingiza. Ambayo haisogei ipunguze iwe upana 1920, ya kusogea kidogo 2880 inatosha, zile mbili tatu za kuingia ndani sana ndio ziache na ukubwa wake. Laptopu itapumua.

---

Dada wa Moshi

Nimerudi na ripoti. Nilienda kwa mdogo wake bibi, ana miaka themanini na kitu. Nikafanya kama ulivyosema nikanyamaza. Alifungua kurasa kama tatu hasemi kitu, nikawa naona simu inarekodi kimya tu, nikataka kuanza kumuuliza maswali nikajizuia. Alipofika kwenye picha moja bibi amesimama kwenye studio na pazia lenye maua nyuma yake, akacheka, akasema hicho kitambaa cha kichwa ni changu, alikiazima siku hiyo hakukirudisha. Sikuwahi kusikia hicho kisa maisha yangu yote. Nikageuza picha, nyuma kuna mhuri wa studio na 1974 kwa kalamu ya wino, na chini yake jina la mdogo wake, siyo la bibi. Bibi alikuwa ameipiga kwa ajili yake akasahau kumpa, au hakutaka kumpa, hatujui.

Nimepanga ianze na kile kimya chake, sauti ya kurasa za albamu tu, plastiki inavyobanduka, halafu ile picha, halafu nyuma yake. Imefika dakika nne na nusu na nimetumia picha 23, hizo zingine nimeziacha ingawa mashangazi watalalamika.

Sasa hapatakuwa na ukumbi, ni uani nyumbani, tutaweka shuka ukutani na projekta ya kukodi. Nitoe faili la aina gani?

---

Mleta uzi

Dada nimesoma mara mbili. Usiguse chochote kwenye huo mwanzo, hata mtu akikwambia ni mrefu.

Toa faili la MP4, aina ya ukandamizaji chagua H.264, ukubwa 1920 kwa 1080, fremu 25. Weka kwenye flashi diski mbili siyo moja. Shuka livutwe mpaka mikunjo iishe, chini ufunge kijiti cha uzito, maana Moshi jioni kuna upepo. Projekta za kukodi mwanga wake mara nyingi hafifu, usianze kabla ya saa moja na nusu usiku, na ongeza mwanga kidogo kwenye zile picha zilizofifia, uzijaribu kwenye hiyo projekta yenyewe siku moja kabla. Na spika: tafuta spika moja nzuri uiweke karibu na shuka, ya projekta haitatosha, kile kicheko cha bibi mdogo lazima kifike mpaka kwa waliokaa nyuma kule jikoni.